Homa ya Nguruwe ya Afrika: Kutoka Porini hadi Bandani, na Nafasi ya Mtu Katikati

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la polisi na wananchi likifundisha habari za maradhi ya nguruwe. Atasema kwamba kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo. Ni kweli, matibabu na uchunguzi ni vya daktari. Lakini nguruwe wanapokufa ghafla kijijini, mashauri ya namna nne hufika mezani pa polisi: jirani anamshutumu jirani mwenziwe kwamba amewatilia wanyama wake sumu, mizoga inatupwa kijitoni au katika shamba la mtu mwingine, wanyama wagonjwa wanasafirishwa usiku bila kibali, na nyama isiyokaguliwa inauzwa sokoni. Mara nyingi mashauri hayo yote manne yana chanzo kimoja, nacho ni homa ya nguruwe ya Afrika.

Nchini Uganda, nguruwe ni akiba ya mwananchi wa kawaida. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe zaidi ya milioni 3, na wengi wao hufugwa mmoja mmoja au wawili wawili nyuma ya nyumba, hasa na akina mama. Nguruwe ndiye ada ya shule, ndiye dawa ya mtoto, ndiye mbegu za msimu ujao. Ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa wiki mbili ni jambo la amani ya nyumba na ya kijiji. Katika somo hili tutaeleza ugonjwa huu ni upi, unahusianaje na wanyama wa porini, mataifa mengine yamejifunza nini juu yake, na kila mmoja wetu ana wajibu gani.

Ugonjwa ni upi

Homa ya nguruwe ya Afrika husababishwa na virusi. Haimwambukizi binadamu, wala ng'ombe, mbuzi au kuku. Huwapata jamii ya nguruwe pekee. Baada ya virusi kuingia mwilini, dalili huweza kuonekana kati ya siku 4 na 19. Mnyama hupandwa na homa kali, huacha kula, hujikunyata pamoja na wenziwe, na ngozi ya masikio, tumbo na miguu hugeuka rangi ikawa nyekundu au zambarau. Wengine hutapika, wengine huhara damu, na wenye mimba huiharibu. Aina kali ya virusi huua karibu wanyama wote wanaoambukizwa. Wapo pia wanaokufa kabla ya mwenyewe kuona dalili yoyote.

Tiba haipo. Nchi ya Vietnam iliidhinisha chanjo mwaka 2023 kwa wafugaji wake, lakini hapa kwetu hakuna chanjo inayotumika, na mtu yeyote anayepita vijijini akiuza sindano ya kukinga ugonjwa huu anapaswa kuripotiwa.

Jambo la kuzingatia zaidi ni uhai mrefu wa virusi hivi. Hudumu katika damu, katika mizoga, na katika nyama iliyogandishwa, iliyotiwa chumvi au iliyokaushwa kwa moshi, kwa miezi mingi. Hunata katika viatu, kamba, visu, sakafu ya gari na ndoo ya makombo. Moto ndio unaoviangamiza kwa hakika: chakula kilichochemshwa kwa nusu saa huwa salama kumpa mnyama.

Jamaa za nguruwe porini

Tukisema nguruwe wa porini, hatuna budi kutofautisha wanyama watatu, kwa kuwa kila mmoja ana uhusiano wake na virusi hivi.

Wa kwanza ni ngiri, yule mwenye pembe za meno zilizopinda, anayeonekana kwa wingi katika hifadhi za Ziwa Mburo, Murchison Falls na Queen Elizabeth. Ngiri huishi katika mashimo. Ndani ya mashimo hayo hukaa papasi, mdudu wa jamii ya kupe mwenye ngozi laini, ambaye hunyonya damu ya watoto wa ngiri na kuwaambukiza virusi. Mtoto wa ngiri huambukizwa lakini haugui, na papasi huweza kuhifadhi virusi kwa miaka. Ngiri mzima ni nadra kumwambukiza nguruwe wa kufugwa kwa kukutana tu. Hatari hutokea pale papasi anapofika bandani, au pale mzoga na masalio ya ngiri yanapoletwa nyumbani.

Wa pili ni nguruwe pori, mwenye manyoya marefu, anayetoka msituni usiku kuharibu mihogo na mahindi. Naye huweza kubeba virusi bila kuonyesha ugonjwa. Kwa kuwa huingia mashambani, huweza kukutana na nguruwe wanaoachwa wazurure.

Wa tatu hayupo kwetu. Ni nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, ambaye ndiye asili ya nguruwe wote wanaofugwa duniani. Kwa kuwa ni wa aina moja na nguruwe wa kufugwa, hana kinga waliyo nayo ngiri na nguruwe pori. Akiambukizwa hufa kama wafavyo nguruwe wa bandani. Mzoga wake hubaki msituni, wenziwe huja kuunusa na kufukua udongo uliolowa majimaji yake, nao huambukizwa. Hivyo virusi huendelea kuishi msituni bila kuhitaji papasi wala banda.

Kutoka Kenya hadi Ulaya

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo R. E. Montgomery, katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1921. Alikuwa amechunguza vifo vya nguruwe wa walowezi wa Kizungu nchini Kenya. Nguruwe hao walitoka katika jamii ya Ulaya isiyowahi kukutana na virusi hivi, na walipowekwa karibu na makazi ya ngiri walikufa karibu wote. Virusi vilikuwa vimeishi muda mrefu baina ya ngiri na papasi bila kumdhuru mtu. Msiba ulianza mnyama mgeni alipoletwa katika mzunguko ule.

Mwaka 1957 ugonjwa ulifika Ureno kutoka Afrika, na baada ya kuzuka tena mwaka 1960 ukaenea katika rasi ya Iberia. Uhispania ilihitaji zaidi ya miaka 30 kuung'oa. Safari ya pili kutoka Afrika ilikuwa mwaka 2007. Virusi vilionekana Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, karibu na bandari ya Poti. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba vilifanana na virusi vya kusini mashariki mwa Afrika, na wataalamu wakahitimisha kuwa yaelekea vililetwa na makombo ya nyama yaliyoshushwa kutoka melini yakaliwa na nguruwe waliokuwa wakizurura. Kutoka hapo ugonjwa uliingia Urusi, na mwaka 2014 ukafika Litwania, Polandi, Latvia na Estonia. Mwezi Agosti 2018 ulithibitishwa China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Mwezi Septemba 2020 ulipatikana katika mzoga wa nguruwe mwitu mmoja mashariki mwa Ujerumani, na mzoga huo mmoja ulitosha kuifanya China ifunge mlango kwa nyama yote ya nguruwe ya Kijerumani.

Mwendo wa mnyama na mwendo wa mtu

Wataalamu wa Ulaya walipofuatilia ugonjwa misituni waliona jambo lenye mafunzo. Nguruwe mwitu wenyewe huusogeza ugonjwa polepole, kwa kawaida makumi machache ya kilomita kwa mwaka mzima, pengine pungufu. Lakini mara kadhaa ugonjwa uliruka mamia ya kilomita na kutokea mahali ambapo hapakuwa na mnyama mgonjwa njiani. Hakuna nguruwe mwitu anayeweza kuruka hivyo. Anayesafiri mamia ya kilomita kwa siku moja ni mtu, akiwa na gari lake, viatu vyake na mkate wake wenye kipande cha nyama.

Mfano wa kwanza ni wa Jamhuri ya Cheki. Mwezi Juni 2017 mizoga ya nguruwe mwitu yenye virusi iliokotwa karibu na mji wa Zlín, mbali kabisa na maeneo yaliyojulikana kuwa na ugonjwa. Serikali ililizingira eneo kwa uzio, ikapiga marufuku kuingia msituni, ikaacha mazao mengine yasivunwe ili wanyama wasipate sababu ya kuhama, kisha ikaruhusu uwindaji wa utaratibu maalumu. Mwezi Oktoba mwaka huo polisi walenga shabaha waliletwa kuwasaidia wawindaji usiku. Mapema mwaka 2019 nchi ilitambuliwa kuwa imeshinda, wala nguruwe wa kufugwa hakuambukizwa hata mmoja. Ugonjwa uliporudi mpakani mwishoni mwa mwaka 2022, utaratibu ulikwisha kujulikana.

Mfano wa pili ni wa Ubelgiji. Mwezi Septemba 2018 virusi vilionekana karibu na Étalle, kusini mwa nchi. Uzio wa takriban kilomita 300 ulijengwa. Watu waliipekua misitu hatua kwa hatua kutafuta mizoga, wakaiondoa na kuiteketeza. Nguruwe wote wa kufugwa ndani ya eneo lile walichinjwa mapema kwa tahadhari, na wafugaji wakalipwa fidia. Zaidi ya nguruwe mwitu 800 walithibitika kuwa na virusi, lakini mabanda yalisalimika, na mwisho wa mwaka 2020 nchi ilitangazwa kuwa huru.

Katika nchi zote mbili, uzio ulifaa na bunduki zilifaa. Hata hivyo vyote viwili visingekuwa na maana kama wananchi wasingetoa taarifa mapema walipoona mizoga, na kama wasingekubali kukaa nje ya msitu walipoombwa.

Hapa Uganda: porini au barabarani?

Mtu anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa tuna ngiri na nguruwe pori, basi kila mlipuko hutoka porini. Utafiti uliofanywa nchini hauungi mkono dhana hiyo. Virusi vipo kwa ngiri katika maeneo ya hifadhi, na tahadhari karibu na hifadhi ni ya lazima. Lakini milipuko huzuka mwaka baada ya mwaka hata katika wilaya ambazo ngiri hajaonekana kwa miaka mingi, na hufuata njia za biashara: mnunuzi anayetoka banda hadi banda, dume la kupandisha linaloazimwa, pikipiki iliyobeba mnyama, kisu cha mchinjaji, na makombo ya hoteli yanayopelekwa kwa mifugo bila kuchemshwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika ugonjwa huu methali hiyo yaweza kuchukuliwa neno kwa neno.

Ugonjwa unapofika kijijini, mambo hutokea kwa mfuatano unaojulikana. Mfugaji anaona mnyama mmoja ameacha kula. Anafahamu kwamba akiripoti, soko litafungwa, na kwamba hapa kwetu hakuna fidia ya kutegemewa kama ile ya Ubelgiji. Basi anamwita mnunuzi jioni hiyo hiyo na kuuza wanyama wote, wagonjwa na wazima, kwa bei ya kutupa. Mnunuzi naye anajua. Anasafiri usiku, anachinja vichochoroni, anauza nyama kabla ya asubuhi. Damu na matumbo hutupwa mahali ambapo mbwa na nguruwe wanaozurura huyafikia. Baada ya wiki mbili kijiji cha pili kinalia.

Mfugaji huyo anaokoa sehemu ndogo ya mali yake, na hatuwezi kumlaumu kana kwamba hana uchungu. Lakini fedha anazookoa zinalipwa na majirani zake, na kwa kuwa virusi hubaki katika eneo, mwaka ujao huenda vikarudi bandani mwake mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sheria na wajibu wa kila mmoja

Chini ya sheria za Uganda za magonjwa ya wanyama, mwenye mnyama mgonjwa anawajibika kutoa taarifa, na mifugo haisafirishwi bila kibali cha daktari wa mifugo. Karantini ikitangazwa katika wilaya, usafirishaji wa nguruwe na nyama yao husimamishwa. Polisi husaidia kulinda barabara na masoko, na uwindaji bila leseni unakatazwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019.

Hata hivyo kizuizi cha barabarani peke yake hakitoshi. Barabara kuu ikifungwa na wananchi hawaelewi sababu, biashara huhamia njia za panya. Na askari anayepokea chochote ili gari lipite ameuingiza ugonjwa katika kila kijiji kilicho mbele ya gari lile. Hilo ni kosa la jinai, na mwananchi ana haki ya kumshtaki kwa wakubwa wake. Karantini hufaulu pale mwananchi anapoamini kwamba taarifa yake itapokelewa kwa heshima na kwamba sheria itamgusa mfanyabiashara mkubwa kama inavyomgusa mwenye nguruwe mmoja.

Tunawakumbusha wasomaji hatua hizi:

1. Nguruwe afungwe bandani. Asizurure, na karibu na hifadhi au msitu banda lizungushiwe uzio imara.
2. Makombo ya jikoni na hotelini yachemshwe nusu saa kabla ya kumpa mnyama.
3. Mnunuzi na mchinjaji wasiingie bandani. Mnyama atolewe nje na kukabidhiwa mbali na wengine.
4. Viatu na vyombo vioshwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kisha vitiwe dawa ya klorini. Dawa haifanyi kazi juu ya matope na kinyesi.
5. Mnyama mpya atengwe kwa angalau wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine.
6. Masalio ya ngiri au nguruwe pori yasiletwe nyumbani wala kupewa nguruwe.
7. Mnyama akiugua au akifa, usiuze na usichinje. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.
8. Mzoga uzikwe katika shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua, mbali na kisima na kijito, baada ya daktari kutoa maelekezo.

Hatua ya mwisho yawahusu hata wasiofuga nguruwe. Wapo majirani zetu ambao imani yao hairuhusu kumgusa mnyama huyu. Mzoga uliotupwa katika maji wanayochota au mpakani mwa shamba lao ni kero na ni dharau, na umewahi kuwa mwanzo wa ugomvi usio na lazima. Kuzika vizuri ni sehemu ya ujirani mwema.

Kabla ya kusema "ametiliwa sumu"

Tumalizie na lile tulilolitaja kwanza. Nguruwe watano waliolala wazima wakiamka wafu, moyo wa mwenye mali hutafuta mkosaji. Atakumbuka ugomvi wa mpaka, deni lisilolipwa, maneno makali ya wiki iliyopita. Vijana hukusanyika, na mtu asiye na hatia anaweza kupigwa au kuchomewa nyumba.

Macho matupu hayawezi kutofautisha sumu na ugonjwa huu kwa uhakika. Yapo maswali yanayosaidia. Je, vifo vilitokea saa moja kwa wote, au vilifuatana kwa siku kadhaa? Je, kabla ya kufa wanyama walikuwa na homa na rangi masikioni? Je, kuna mnyama mpya aliyeletwa, au mnunuzi aliyeingia bandani, katika wiki tatu zilizopita? Je, jirani wa pili naye amepoteza nguruwe? Vifo vinavyofuatana na kusambaa huelekeza kwenye maambukizi. Lakini jibu la mwisho hutoka maabara: daktari wa mifugo huchukua damu au kipande cha kiungo, na sampuli huweza kupelekwa katika maabara ya taifa ya magonjwa ya wanyama iliyoko Entebbe.

Kwa hiyo afisa anayepokea shauri la sumu na amwite daktari wa mifugo kabla ya kumkamata mtu. Na mwananchi na azuie mikono ya vijana mpaka majibu yarudi. Kama ni sumu, sheria itamshika aliyetenda. Kama ni homa, basi aliyeshutumiwa ni mtu anayepaswa kuonywa haraka, maana banda lake ndilo linalofuata.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Kwa nini ngiri haugui ilhali nguruwe mwitu wa Ulaya na nguruwe wa kufugwa hufa?
2. Ni njia zipi tatu ambazo ugonjwa unaweza kuingia kijijini mwetu bila mnyama wa porini kuonekana?
3. Mfugaji anaogopa kuripoti kwa sababu atapoteza mali. Kijiji kinaweza kumsaidia vipi, kwa mfano kwa kikundi cha akiba, ili asilazimike kuuza usiku?
4. Nani kijijini ana simu ya daktari wa mifugo na ya kituo cha polisi, na je, kila nyumba inazo?